Mbao Zilizozaa Chuma

Katika maduka ya vitu vya kale ya Uingereza, Ufaransa na Marekani, katikati ya taa za karakana na viti vya chuma vilivyobanduka rangi, mara nyingi huning'inia gurudumu la mbao ambalo halikupata kuzunguka hata siku moja. Limepakwa rangi nyeusi, na sehemu zake chache ni nyekundu. Mikono yake imepinda kwa mkunjo wa herufi S. Pembeni limegongwa tarakimu, na katikati limepachikwa kibamba cha chuma chenye tundu la skrubu. Muuzaji atakuambia ni sanamu ya kiwandani. Mnunuzi atalipeleka nyumbani, atalitundika juu ya kochi, na wageni watalisifu bila kuuliza lilikuwa la kazi gani.

Kazi yake ilikuwa kuzikwa mchangani na kufukuliwa. Ni kiolezo, umbo la mbao ambalo kiwanda cha kusubu chuma kililitumia kutengenezea kalibu, ili gurudumu halisi la chuma limiminwe humo. Kwa zaidi ya karne mbili, karibu kila kipande cha chuma cha kusubu kilichotoka mchangani kilitanguliwa na kitu cha namna hii, na mikono ya seremala ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kupamba nyumba kwa masalio ya viwanda si mtindo wa jana. Mwaka 1934 jumba la Museum of Modern Art la New York lilionyesha springi, beringi na rafadha za meli kwa heshima ileile inayopewa sanamu. Wajerumani Bernd na Hilla Becher walitumia maisha yao kupiga picha minara ya migodi, matangi ya maji na tanuri za chuma. Mwaka 1990 maonyesho ya Venice yaliwapa tuzo ya uchongaji, ingawa hawakuwa wamechonga chochote. Tangu hapo mkondo umetanuka mno, na mengi yanayobebwa nao yananichosha. Mabomba ambayo hayajapata kupitisha tone la maji yanageuzwa rafu za vitabu, na gia zisizo na kosa zinabandikwa mishale ya saa. Kiolezo nakitoa kwenye fungu hilo. Hakihitaji kugeuzwa kitu kingine ili kipendeze, na kila kinachokamata jicho ndani yake kiliwekwa kwa sababu ambayo mtu makini anaweza kuigundua.

Chuma cha kusubu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi. Mbao ingeshika moto kabla hata ya kukikaribia, kwa hiyo mbao na chuma havikutani kamwe. Mjumbe kati yao ni mchanga. Mchanga huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo, hadi ukiufumbata kiganjani unashikana. Kiolezo kinalazwa ndani ya fremu, mchanga unashindiliwa juu yake, fremu inageuzwa, nusu ya pili inashindiliwa, kisha nusu hizo zinatenganishwa na kiolezo kinatolewa. Panabaki uwazi wenye umbo lake. Chuma kikishamiminwa na kupoa, kalibu inabomolewa, mchanga wake unapondwa na kutumika tena. Kiolezo kinafutwa vumbi na kurudi rafuni kungoja oda nyingine, labda wiki ijayo, labda baada ya miaka ishirini.

Waliosubu siwa ya shaba iliyomo kwenye makumbusho ya Lamu walipita njia nyingine, ile ya nta. Umbo la nta hufunikwa kwa udongo, nta ikayeyushwa na kutoka, shaba ikachukua nafasi yake. Umbo la kwanza linapotea na halirudi. Ni njia inayompa fundi uhuru mkubwa wa nakshi, maana hakuna kitu kinachopaswa kutoka kizima. Seremala wa violezo hakuwa na uhuru huo. Chake kilipaswa kuchomoka mchangani mara mia bila kubomoa hata ukingo mmoja, na mara ya mia kiwe bado na vipimo vya mara ya kwanza.

Na vipimo hivyo si vya kitu kinachotakiwa. Hapa ndipo ufundi wenyewe unapoanzia. Metali ikipoa husinyaa: chuma cha kusubu kwa takriban asilimia 1, alumini kwa 1.3, shaba ya njano kwa 1.5, feleji kwa 2. Anayetaka mhimili wa chuma wa mita moja lazima atengeneze wa mbao wa mita moja na sentimita moja. Seremala hakupiga hesabu hiyo kila anapoweka alama, kwa sababu anayepiga hesabu siku nzima atateleza mahali fulani, na mteleze mmoja unatosha kuharibu tani ya chuma. Alikuwa na rula yake maalumu. Ukiitazama haina ajabu, ila kila mstari umesogezwa mbele kidogo kuliko unavyostahili. Mchoro unasema milimita 300. Anaweka alama kwenye 300 ya rula yake, na kwa kweli ameweka kwenye 303. Chuma kilikuwa na rula yake, shaba yake, feleji yake. Na pale kiolezo cha mbao kilipokuwa cha kuzalia kwanza kiolezo cha alumini, ambacho ndicho kingetumika kusubu chuma, misinyao yote miwili ilijumlishwa tangu kwenye mbao. Ndiyo maana mwenye kiolezo ukutani akikipima kwa futi ya kawaida hupata vipimo vya ajabu, visivyoangukia kwenye namba kamili.

Aweke guniya pembeni na ataona jambo la pili: hakuna ukuta unaosimama wima. Kila upande umeinama nyuzi moja, mbili au tatu, kuelekea upande ambako kiolezo kilichomolewa. Ukuta ulio wima ungekwaruza mchanga njia nzima na kuubomoa. Ulioinama huachana nao mara tu unapotikisika. Kile kibamba chenye tundu la skrubu kilikuwa kwa ajili hiyo. Fundi wa kalibu alifunga chuma humo, akakigonga kulia na kushoto kidogo, kiolezo kikalegea, akakivuta juu taratibu.

Kona za ndani ni za mviringo, na hilo ndilo linalofanya violezo vipendeze mkononi kuliko machoni. Chuma kinapoganda, fuwele zake huota kutoka kila upande kuelekea ndani. Kwenye kona kali hukutana kwenye mstari mmoja, na mstari huo ndio utakaopasuka siku mashine itakapobeba mzigo. Kwa hiyo kila kona ya ndani ilijazwa utepe wa ngozi au wa nta, ukakandamizwa kwa fimbo ya chuma yenye kichwa cha mviringo hadi ukalala bila kuacha mshono. Pitisha kidole kwenye kiolezo cha zamani ambacho rangi yake imeanza kuchoka: pale unapohisi ulaini kidogo, ni ngozi.

Ile mikono yenye umbo la S nayo haikupindwa kwa ajili ya urembo. Ukingo wa gurudumu na kitovu chake havipoi kwa wakati mmoja. Kimoja kikiwa kimeshaganda, kingine bado kinavuta, na mkono ulionyooka kati yao ungeweza kukatika kabla gurudumu halijatoka mchangani. Mkono uliopinda hunyooka kidogo, ukasalimika. Vitu vyenye umbo la U hupenda kutanua miguu vinapopoa, basi violezo vyake viliundwa miguu ikiwa imeinamiana. Seremala alilazimika kujua jinsi kitu kitakavyoharibika, kisha akakiharibu mapema kwa kiasi kilekile, upande wa pili.

Rangi pia ni maandishi. Kanuni zilitofautiana kati ya nchi na nchi, hata kiwanda na kiwanda, lakini kwenye violezo vingi vya Marekani nyeusi ni mahali pa kuachwa kama palivyotoka mchangani, na nyekundu ni mahali patakapochongwa kwa mashine baadaye, kwa hiyo pameongezwa unene wa milimita kadhaa. Njano ni vichwa vya viini. Hivi vinahitaji kuelezwa, maana ndivyo vinavyowachanganya wakusanyaji wengi. Pampu, valvu na bloku ya injini zina uwazi ndani. Uwazi huo hupatikana kwa kulaza ndani ya kalibu kiini cha mchanga ulioshikamanishwa, kilichofinyangwa kwenye sanduku lake la mbao. Kiini kikiachwa hivihivi kitaelea juu ya chuma kilichoyeyuka, kwa hiyo kinahitaji mahali pa kuegemea, na mahali hapo pia ni lazima pachorwe mchangani na kiolezo. Matokeo yake, aliyetundika kiolezo cha pampu anatazama kitu ambacho hakina tundu pale pampu ilipo na tundu, na kina nundu pale pampu isipo na kitu. Seremala alikiona chuma, akaona utupu ulio ndani ya chuma, akaona mchanga utakaoshikilia utupu huo, kisha akachonga cha tatu ili apate cha kwanza. Sijui kazi nyingi za mikono zinazodai kiasi hicho cha kufikiri kinyume.

Baada ya yote hayo kulikuwa na mbao yenyewe, ambayo haitulii. Hunywa unyevu na kuvimba, hukauka na kunywea, na kwa upana kuliko kwa urefu. Duara likikatwa kwenye ubao mmoja halitabaki duara. Kwa hiyo ukingo wa gurudumu ulijengwa kwa vipande vifupi vya tao, tabaka juu ya tabaka, maungio ya tabaka moja yakiangukia katikati ya vipande vya tabaka la chini namna matofali yanavyopangwa; vikagundishwa, vikakaushwa, ndipo vikakerezwa. Walichagua mahogani ya Amerika ya Kati, msonobari laini usio na vifundo, na huko Marekani mcheri, mbao ambazo hutii patasi na hazipindi kirahisi. Ulainishaji wa mwisho haukuwa anasa, kwani mchanga hushika kila mkwaruzo na kuupeleka kwenye chuma. Juu ya mbao iliyopigwa msasa walipaka vanishi ya shelaki, ile inayotokana na utomvu wa wadudu wa India, wakiichanganya na masizi wakitaka nyeusi. Kisha wakapigilia herufi za risasi au shaba zenye jina la kiwanda. Zinasomeka sawasawa kwenye kiolezo, zinageuka kinyume mchangani, na kwenye chuma zinarudi sawa.

Msomaji wa Nairobi hana haja ya kusafiri ili kuuona mchanga ukifanya kazi hii. Kariobangi, kwenye eneo la viwanda vidogo, mafundi huyeyusha pistoni na vipande vya injini chakavu na kusubu masufuria mazito ya alumini. Wenzao wako katika miji mingi ya Afrika Mashariki na Kongo. Kiolezo chao mara nyingi si cha mbao, ni sufuria nyingine. Inafunikwa mchanga ndani na nje, inatolewa, na pengo linalobaki ndilo unene wa sufuria mpya. Ni werevu mkubwa, kwa sababu mwinamo wa pande za sufuria tayari unatosha kuifanya ichomoke. Ila sheria ya rula haimsamehi mtu. Sufuria ya kipenyo cha milimita 300 itazaa ya 296, nayo ikifanywa kiolezo itazaa ya 292 hivi. Ndiyo maana fundi mzoefu huitunza ile ya kwanza na haiuzi, hata mteja akiipenda kuliko zote.

Na ni kwenye vyungu ndiko historia ya kisasa ya ufundi huu ilikoanzia pia. Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipewa hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwenye mchanga, na miaka miwili baadaye, huko Coalbrookdale, akafanikiwa kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa. Mjukuu wake, Abraham Darby wa tatu, ndiye aliyesubu daraja la kwanza kubwa la chuma duniani, lililosimamishwa juu ya mto Severn mwaka 1779 na kufunguliwa mwaka 1781. Lina upana wa mita 30 kutoka ukingo hadi ukingo, na ukilikaribia utaona kwamba halikufungwa kama chuma kinavyofungwa. Vipande vyake vimeunganishwa kwa ndimi zilizochomekwa kwenye matundu na kukazwa kwa kabari. Ni viungo vya useremala. Mchoro wa vipande hivyo unahusishwa na Thomas Gregory, msimamizi wa waunda violezo, na mtu aliyezoea mbao hakuona kwa nini chuma kiungwe kwa namna nyingine.

Kwetu, mahali pazuri pa kuyasoma haya yote ni Makumbusho ya Reli, Nairobi. Injini kubwa za mvuke za daraja la 59, ambazo kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na ambazo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilikuwa 34, zote zimetengenezwa Manchester na Beyer Peacock katika miaka ya 1950, kwenye karakana iliyoitwa Gorton Foundry. Mbili zimebaki Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Watu husimama mbele yao wakitazama ukubwa. Mimi ningeshauri mtu ainame atazame pale mabano yanapoungana na silinda: kona za mviringo, pande zilizoinama kidogo, na hapa na pale mstari mwembamba mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mlima Gelai na Mlima Shengena iko Tanzania. Majina yao yalibebwa na chuma ambacho umbo lake lilichongwa kwanza kwa mbao na mtu wa Manchester ambaye huenda hakujua milima hiyo iko wapi. Asiyefika Nairobi na atazame chini ya cherehani ya miguu ya fundi wa mtaani kwake. Jina la Singer lililoinuka kwenye chuma cha kukanyagia lilianza kama herufi zilizopachikwa kwenye kiolezo.

Beyer Peacock walifunga mwaka 1966. Baada yao vikafunga viwanda vingi vya kusubu vya Uingereza na Marekani, na ghala za violezo, ambazo nyingine zilijaa ghorofa nzima, zikawa mzigo. Mashine zilikuwa na bei, chuma chakavu kilikuwa na bei kwa kilo, hata matofali yalikuwa na bei. Mbao zilizokauka zikiwa na shelaki juu zilikuwa kuni. Nyingi zilichomwa. Teknolojia nayo ilikuwa imegeuka: tangu mwaka 1958 kulikuwa na hataza ya Marekani ya kutumia violezo vya povu la plastiki vinavyoachwa mchangani vikateketea chuma kinapoingia, baadaye zikaja plastiki ngumu zinazochongwa na mashine za kompyuta, na sasa kuna mashine zinazochapisha kalibu ya mchanga moja kwa moja bila kiolezo chochote. Kilichosalia cha mbao kimesalia kwa sehemu kubwa kwa sababu mtu fulani alikiona kinapendeza ukutani, akalipa. Kwa hiyo siwezi kuwacheka kupita kiasi wale wenye rafu za mabomba.

Mkusanyaji mzuri hujulikana kwa kukiachia kiolezo alama zake. Hakwangui rangi ili mbao ing'ae, kwa sababu akikwangua nyekundu amefuta habari ya wapi chuma kilichongwa. Hapaki vanishi ya dukani inayometameta. Hatoboi tundu jipya la kutundikia wakati tundu la fundi lipo. Hukagua kama mbao haijabunguliwa na wadudu kabla hajaiingiza nyumbani, na haiweki karibu na kipasha joto wala kwenye jua la dirishani, kwani tabaka zilizogundishwa kabla hajazaliwa zinaweza kuachana katika msimu mmoja wa baridi kavu. Akikuta sanduku la kiini karibu na kiolezo chake hununua vyote viwili, hata kama sanduku halina uzuri wowote, kwa kuwa wauzaji wana tabia ya kuvitenganisha na baada ya hapo hakuna anayejua tena kipi kilikuwa cha kipi. Na tarakimu zilizogongwa pembeni hazigusi, maana ndizo njia pekee ya kukifikia tena mchoro, kama mchoro bado upo.

Wakati mwingine hiyo si habari ya kujifurahisha tu. Waingereza waliounda injini mpya ya mvuke iitwayo Tornado, kazi iliyoanza mwaka 1994 na kukamilika mwaka 2008, walihitaji kusubu upya vipande vya aina ya injini ambayo hakuna hata moja iliyokuwa imebaki. Kwa wanaofufua mitambo ya kale, kiolezo kilicho kizima huokoa miezi ya kazi na fedha nyingi. Mchanga haubagui umri. Kiolezo cha mwaka 1910 kilichotunzwa vizuri kinaweza kushushwa ukutani Jumatatu, kikapelekwa kwa msubu mwenye subira, na kufikia mwisho wa wiki kikarudi nyumbani na mwanawe wa chuma. Anayefanya hivyo avitundike vyote viwili kwenye ukuta mmoja na kuvipima kwa rula moja: kama mbao ina milimita 505, chuma kitakuwa na 500.